Meet the Robinsons: ikaganda palepale

Sijui nianze na muvi au nianze na hao wa programu ya kulipia iliyotuonyesha, maana hasira zangu ziko kwao ila machozi yalikuwa ya muvi, na vyote vimetokea kwa pamoja.

Wikiendi moja hapo nyuma nilibaki na mtoto wa dada yangu, ana miaka 9 na maswali hayaishi, nikasema tuweke katuni tupumzike. Tukachagua Meet the Robinsons, ile ya Disney ya 2007, ya zamani lakini sikuwahi kuiona. Kwa asiyeijua, kuna dogo anaitwa Lewis, mama yake alimwacha mlangoni pa kituo cha yatima akiwa kichanga, sasa ana miaka 12, yeye na kuunda mamashine na mamashine nayo hayafanyi kazi, kila mzazi anayekuja kutafuta mtoto wa kulea anamkimbia. Kuna moja ilimmwagia siagi ya karanga baba wa watu mwenye aleji ya karanga, nilicheka mpaka nikaona dhambi. Anachotaka ni kimoja tu, amuone mama yake. Basi anatokea mwenzake mmoja, Wilbur, anadai ametoka mwaka 2037, wanapanda chombo wanaenda huko.

Katikati hapo makelele matupu. Ndugu wengi mpaka unapoteza hesabu, babu kavaa nguo nyuma mbele, pweza ndo mhudumu wa nyumba, vyura wanaimba, mara dainosa. Nilishakata shauri kichwani, nyota mbili. Ila kuna pale mezani, dogo anajaribu kutengeneza kifaa chao, kinalipuka, kinawachafua wote, anainama kusubiri kufokewa, na wao wanamshangilia! Umefeli, safi sana! Mtoto akanigeukia akanitazama tu. Asubuhi yake nilikuwa nimemfokea kwa ajili ya glasi. Sikusema kitu.

Sasa njooni kwenye kilichonileta. Kuelekea mwisho Wilbur anatimiza ahadi, anampeleka Lewis kwenye usiku uleule wa mvua, mama keshamweka mtoto mlangoni anaondoka zake, Lewis yuko nyuma yake kabisa, ananyoosha mkono, vidole bado kidogo tu vifike begani.

Ikaganda.

Duara likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka, na intaneti iko vizuri kabisa maana simu inafungua kila kitu. Nikabonyeza irudi nyuma sekunde 10, ikanirudisha mwanzo wa muvi, mwanzo kabisa jamani, na mwanzo nako ni usiku huohuo, mvua ileile, mama yuleyule, mtoto akaruka kwenye kochi, "Mama mdogo, imerudi zamani kweli!" Tukaipeleka mbele, ikafika palepale ikaganda. Mara tatu. Mkono umenyooka, mama hageuki. Yaani watu wameweza kumrusha mtoto miaka 30 mbele na kumrudisha, hawa wa kwetu sekunde 10 zimewashinda na hela ya mwezi wanakata bila kuchelewa hata siku.

Nikaenda huduma kwa wateja, kwenye kile kisanduku cha kuchati. "Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu. Umejaribu kuzima na kuwasha?" Nimejaribu. "Tafadhali jaribu kuzima na kuwasha." Nikauliza, hivi naongea na mtu au na mashine? "Swali zuri!" Basi. Jibu lenyewe halikuja, ikaja fomu ya kuuliza nimeridhika kwa nyota ngapi, nikaweka moja, ikanishukuru kwa moyo wote na mazungumzo yakafungwa.

Wakati nahangaika huko, mwenzangu anawaza. Akaniuliza, ile kofia mbaya yenye akili, Doris, ambayo Lewis angekuja kuiunda ukubwani, si kaiambia sitakuunda kamwe, ikayeyuka? Ndiyo. Sasa kama haijawahi kuundwa, yule mtu mbaya anayeivaa hiyo kofia nani alimsaidia kuiba mashine ya kusafiri kwenye wakati? Na kama mashine haikuibiwa, Wilbur alimfuata Lewis kufanya nini? Nikamwambia mwanangu, ni katuni. Akasema we mwenyewe ulisema nikiwa sijaelewa niulize.

Na ndo nikaona muvi yenyewe imenidanganya! Wakati inaenda mbio hushtuki, ikisimama unaliona shimo lote. Wamelifunika kwa machozi ya mama. Nyota zikashuka tena.

Usiku, mtoto keshalala, nikaifungua kwenye simu, ikapita kama hakuna kilichotokea. Na hamgusi. Anaurudisha mkono, anamwacha mama yake aende. Mimi nimeshinda nusu siku naamini atamgusa, nimeshampangia na maneno ya kumwambia, kumbe anaurudisha. Nililia kwa kwikwi gizani kama nimefiwa. Ingepita mchana ile mara ya kwanza zingekuwa sekunde chache tu nikasema aa sawa, kwa hiyo labda niwashukuru... hapana, siwashukuru. Baada ya hapo Lewis anamwamsha mwenzake wa chumbani, Goob, aliyekuwa anasinzia uwanjani kwa sababu ya kelele za Lewis za usiku, akaukosa mpira na kinyongo kikamfanya awe yule mtu mwenye kofia, safari hii Goob anaudaka mpira, maana yake yule mtu mwenye kofia hatakuwepo tena, maana yake shimo la mtoto limezidi kuwa pana, na wala sikujali. Nyota tano. Nne na nusu, kwa ajili ya vyura.

Halafu mwishoni kabisa yanakuja maandishi ya Walt Disney mwenyewe, ndo unaelewa ule msemo wa familia ya Wilbur, "Keep moving forward", yaani endelea kusonga mbele, ulikotoka, mimi niko katikati ya kusoma machozi yananitoka, programu ikaifinya muvi kwenye kona ikaanza kuniwekea katuni nyingine ya mbwa. Nilitamani kuitupa simu.

Asubuhi mtoto swali la kwanza, "Alimgusa?" Nikamwambia sikwambii, kaone mwenyewe. Tumeiweka tena kwenye runinga, tumefika kwenye mvua, na hapa naandika yeye amekaa mbele ya duara, kakunja mikono, anasubiri.