Vidonge vya mbolea ya mizizi kwenye tangi la samaki: vimefaa, lakini si kwa kila mmea

Nimevitumia miezi saba kwenye tangi la lita 63 (sentimita 60 kwa 30, kimo 35) lenye gapi na moli, changarawe ya kina cha sentimita 5 na taa ya LED ya wati 12 inayowaka saa 8 kwa siku. Maji ni ya kisima, na hapo ndipo pa kuanzia. Visima vyetu vya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji huja na chokaa tele. pH ya tangi hili (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu umepungua) haishuki chini ya 7.8.

Kwa maji ya namna hiyo, mbolea ya kumimina hupotea bure. pH ikipanda, madini ya chuma hayabaki yameyeyuka. Hugandana na kutuama, na mmea unakosa. Utaona majani machanga yakichipuka ya manjano huku mishipa yake ikiwa bado kijani. Kidonge hulikwepa tatizo hili kwa sababu hukaa chini ya changarawe, penye oksijeni haba, ambako mizizi huweza kuyafyonza madini hayo. Vallisneria, mmea wangu wa majani marefu kama utepe, ilirudia ukijani wiki ya tatu, na mwezi wa pili ikaanza kutambaa na kuzaa miche.

Kina ndicho kila kitu. Kishike kidonge kwa kibano, ukisukume mpaka kiguse kioo cha chini, kimoja kila sentimita 15. Tangi hili limechukua 8. Kikibaki juu juu huyeyukia majini, mwani ukavaa kioo na samaki wakanywa mbolea. Usiung'oe mmea ulio karibu nacho. Ikibidi, badilisha theluthi ya maji papo hapo.

Paketi inasema miezi mitatu. Wakati wa kaskazi maji hufika nyuzi 30, na mimi naona nguvu yake imekwisha wiki ya nane.

Kwa mmea wa Anubias ni hasara tupu. Shina lake nene halitakiwi kufukiwa, huoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Hilo litilie mbolea ya maji, nusu ya kipimo kwa wiki, ila tafuta yenye chuma kilichoshikiliwa na kemikali ya DTPA ili kisigande, si EDTA, ambayo huachia chuma mapema maji yakiwa na chokaa.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeizuia kwa kuwa paketi haitaji viwango vya madini. Na tafadhali, mchanga wa ufukweni usiutie: vipande vya makombe huongeza chokaa ileile. Maji yakipungua kwa mvuke, jazia ya mvua, kwani chokaa haipandi na mvuke, na ukijazia ya kisima kila mara unairundika.