Kifaa cha Kicheki au kisu cha kiko?

Kifaa cha Kicheki, cha kutunzia kiko cha kuvutia tumbaku, ni vipande vitatu vya chuma vilivyoungwa kwa ribiti moja: kishindilio cha kubana tumbaku, sindano ya kuzibua tundu na kijiko bapa cha kukomba majivu. Bei yake ni chee, hata kikipotea huumii. Kasoro ni ribiti: ikilegea, vipande hujifungua mfukoni, na sindano ile inachoma kwelikweli.

Kisu cha kiko, chenye kishindilio na sindano vinavyokunjwa pamoja na kijembe, kinapendeza zaidi mkononi. Tatizo ni makali. Ndani ya kiko cha mbao ya briari hujengeka ukoko wa kaboni unaokinga mbao na moto. Wavutaji wengi huuacha ubaki karibu milimita 1. Ncha kali ikiteleza ukikwangua uliozidi, umechimba mbao yenyewe, na hapo kiko huweza kuungua. Tena uwanja wa ndege usijaribu kupita nacho.

Mimi ningechukua cha Kicheki. Kisu kinamfaa mwenye mkono mtulivu, tena aliyekwisha kukipiga msasa ncha iwe butu. Vyovyote uchaguavyo, vijiti vya manyoya vya kusafishia mrija utanunua tu.