Walinipandia haidrenjia nzuri, wakarudi kuzikata kwa panga

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa. Naandika ili mwenye bustani ya kivuli hapa Tabora, anayefikiria kununua haidrenjia, yale maua ya vichwa vikubwa, kwenye kitalu hiki pamoja na ile huduma yao ya kutunza bustani, ajue anaingia wapi.

Haki yao nitawapa kwanza. Miche ilikuwa mizuri. Niliikuta kwenye viriba vikubwa, shina nene, majani mapana ya kijani kilichokolea, mizizi haijajizungusha chini ya kiriba. Na mwenye kitalu aliniuliza maswali ya mtu anayejua kazi: jua la asubuhi linapiga wapi, la saa nane linapiga wapi, maji yanatoka kila siku au kwa mgao? Nikamwambia nina uwanja wa nyuma huku Cheyo, miembe mikubwa ya zamani, na chini yake hakijawahi kuota kitu cha maana. Akasema pafaa sana, ila tusisogee shinani maana mizizi ya mwembe itakunywa maji yote. Tupande pembezoni mwa kivuli, jua la asubuhi linapofika na la mchana lisipofika. Akaja mwenyewe, akapiga magoti kwenye udongo wangu, akapanda. Samadi iliyooza vizuri, matandazo ya majani makavu juu. Akaniambia hata nikiona majani yamelegea saa saba mchana nisikimbilie ndoo. Nishike udongo kwanza, ukiwa na unyevu yatasimama yenyewe jioni. Na yalikuwa yanasimama kweli.

Na maua yalitoka. Jamani, yalitoka! Mvua zilipokolea vichwa vilianza na rangi ya maziwa yenye ukijani, halafu vikageuka taratibu. Vya kwenye miembe vikawa bluu, na mche mmoja uliokaa karibu na ukuta mpya ukatoa pinki. Miche ya kundi moja, iliyopandwa siku moja. Mwenye kitalu akanieleza kwamba udongo wetu huu wa kichanga una tindikali, kwa hiyo mmea unapata alumini na ua linakuwa bluu; penye ukuta, chokaa ya saruji inashuka na maji, tindikali inapungua, unapata pinki. Majirani walikuwa wanasimama getini kuangalia. Mama mmoja mtu mzima, anauza maembe, aliingia na ndoo yake kichwani akaniomba ayaguse tu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka uliofuata, kiangazi kikielekea kuisha, nililipia ile huduma. Wanakuja, wanapalilia, wanaongeza samadi, wanasafisha. Mimi nilikuwa kazini, nyumbani yupo dada wa kazi. Niliporudi jioni nilikuta miche yote imebaki vijiti vya urefu wa kiganja. Si kwa mkasi, kwa panga! Nilichuchumaa nikashika kimoja kimoja. Vingine vimepasuka katikati, gome limechanika na kuning'inia karibu na udongo. Na kwenye ncha, pale palipokuwa na yale macho manene ya maua niliyokuwa nayaangalia kila asubuhi tangu baridi ya mwezi wa saba, hakuna kitu. Ncha zenyewe hazipo.

Haidrenjia ya aina hii, yenye majani mapana, inachanua kutokea kwenye matawi ya msimu uliopita. Macho ya maua yanajitengeneza nchani wakati wa ubaridi, yanakaa yanasubiri mvua. Ukikata ncha kabla ya mvua umeyakata maua yote ya msimu. Kinachokatwa ni kichwa kilichonyauka, mara tu kinapomaliza kuchanua, na tawi lililokufa, basi. Anayeuza mche huu na kuchukua hela za watu kuutunza anatakiwa amfundishe hivyo kijana wake kabla hajamtuma popote.

Nikapiga simu kitaluni. "Mama yangu, yatachipua tu, usiwe na wasiwasi." Yakachipua kweli. Majani, majani, majani. Mvua zikafika katikati, ua hata moja hakuna, hata kwenye ule mche wa ukutani.

Hapo bado nilikuwa tayari kulimeza. Kilichonishinda ni siku nilipokwenda kitaluni kueleza, kwa upole, nimesalimia, nimeulizia watoto. Chini ya neti ya kivuli nikaona viriba vidogo vimepangwa, vipandikizi vya haidrenjia vilivyokwishashika mizizi, majani ya chini bado yana alama ya kukatwa nusu. Na dada alikuwa ameniambia kwamba yule kijana aliondoka na matawi yangu yote kwenye kiroba, akisema ni uchafu anakwenda kutupa. Siwezi kuapa kwamba ni ya kwangu. Inawezekana wana mimea yao ya kukatia. Niliitafuta kwa macho kitalu kizima sikuiona, ndipo nikauliza vipandikizi hivi vimetoka wapi. Mwenye kitalu hakuinua hata uso. Akasema, "Kwani majani yameandikwa jina lako?"

Wateja wakacheka. Mimi ni mtu mzima, mteja wake, nimesimama pale na mkoba wangu. Niliondoka bila kujibu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema nunueni miche, huduma acheni. Sasa nikilikumbuka lile neno nasema hata miche msinunue. Msimpe shilingi yenu! Lakini najua mtu ataniuliza tukanunue wapi, na hapa mjini sijaona kwingine penye miche iliyotunzwa vile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba kazi anaijua. Basi ukilazimika kwenda, nenda, chagua mche wako, lipa, uondoke nao. Kupanda panda mwenyewe, maelekezo ni hayo niliyoyaandika hapo juu. Mtu wao asipite getini kwako na panga, na kama ameshapita, asitoke na kiroba.

Na wewe mwenye kitalu, najua haya yatakufikia. Hela sidai. Nataka uniombe samahani mbele ya wateja, kama ulivyonijibu mbele ya wateja, na unipe miche miwili kutoka kwenye vile viriba. Ukifanya hivyo nayafuta haya yote na nyota tano nakupa.