Sanduku la Kalunguyeye na Uzio Wake: Tathmini ya Miezi Mitano katika Nyumba Yenye Mbwa

Mwezi wa Mei nilinunua kwa pauni 68 seti inayouzwa hapa Uingereza kwa watu wanaofuga mbwa huku bustani zao zikitembelewa na kalunguyeye. Ndani yake mna sanduku la mbao la kuwalishia na vipande vinne vya uzio wa waya vya kutenga kona moja ya bustani. Tunaishi Coventry, bustani yetu ya nyuma ina urefu wa mita 15 hivi, na mbwa wetu, Simba, ni Border Terrier wa miaka minne, yaani mbwa wa aina iliyozalishwa ili imfuate mbweha hadi ndani ya shimo lake. Nalieleza hili mapema kwa sababu kifaa kinachomtosha mbwa mzee na mpole kinaweza kushindwa kabisa mbele ya mbwa wa namna hii.

Kilichonifanya ninunue ni tukio la Aprili. Simba alitoka kwenda haja saa tatu usiku, akamkuta kalunguyeye katikati ya nyasi, na kabla sijawafikia alikuwa amekwisha kumng'ata. Kalunguyeye anapohisi hatari hujikunja akawa mpira wa miiba, naye ana miiba ipatayo 5,000, lakini kinga hiyo inamtaka atulie palepale alipo, na mbwa aliyeshupaa huendelea kumgeuzageuza hadi apate pa kushika. Simba alichomwa mdomo hadi akatoka damu na bado hakuacha. Yule mnyama tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akiwa na jeraha mguuni, akatibiwa na baadaye akarudishwa alikotoka. Daktari alitueleza kwamba tundu dogo la jino la mbwa, ambalo mtu anaweza asilione kabisa chini ya miiba, linaweza kuoza ndani kwa ndani na kumuua mnyama siku kadhaa baadaye. Tangu mwaka 2020 kalunguyeye wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka hapa Uingereza, na sikutaka bustani yangu iwe miongoni mwa sababu.

Nianze na sanduku, ambalo ndilo lenye thamani katika seti hii. Mlango wake una upana na kimo cha sentimita 13, kipimo kilekile wanachoshauriwa watu kukata chini ya uzio ili kalunguyeye apite kutoka bustani moja kwenda nyingine. Ukishaingia mlangoni hukutani na bakuli moja kwa moja. Kuna ukuta wa ndani unaomlazimisha mnyama akate kona ndipo afike penye chakula, na ukuta huo ndio ulionishawishi. Simba aliingiza kichwa hadi masikioni, akasukuma, akalia, lakini pua yake haikulifikia bakuli wala mnyama aliyekuwa akila. Kamera ndogo ya usiku niliyoifunga mtini imenionyesha kalunguyeye wawili, na usiku mmoja watatu, wakiingia kwa zamu na kula bila wasiwasi. Mmoja wao aweza kutembea karibu kilomita mbili kwa usiku mmoja, kwa hiyo si ajabu kwamba sanduku moja linawahudumia wengi.

Kasoro yake iko kwenye paa. Paa limewekwa tu juu ya kuta, bila bawaba wala komeo, na katika wiki ya pili Simba aliligundua hilo, akaliinua kwa pua na kula chakula chote. Kwa bahati njema sanduku lilikuwa tupu wakati huo, lakini nafikiria ingekuwaje kama kalunguyeye angekuwa amejikunja humo ndani asiwe na pa kutokea. Nilifunga bawaba mbili na komeo moja, nikaweka matofali mawili juu yake, na tangu siku hiyo halijafunguka. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa, lakini mtengenezaji anayeandika kwenye boksi kwamba bidhaa yake inamzuia mbwa alipaswa kuifanya yeye mwenyewe.

Uzio sikuridhika nao. Kimo chake ni sentimita 60, na Simba aliuruka siku ya kwanza bila hata kukimbia kwanza. Kinachonisumbua zaidi ni matundu ya wavu wake, ambayo yana upana wa sentimita tano. Watoto wa kalunguyeye huanza kutoka na mama zao katikati ya kiangazi, na mtoto anaweza kupenyeza kichwa katika tundu kama hilo kisha miiba ikamzuia kurudi nyuma. Mnyama aliyenaswa namna hiyo anakuwa mahali pamoja usiku kucha, mbele ya mbwa. Nimefunika sehemu ya chini kwa mbao, nikaacha upenyo mmoja wa sentimita 13, na juu nimeongeza wavu mgumu wenye matundu madogo hadi kufikia kimo cha sentimita 120. Kwa kweli huo sasa ni uzio wangu. Wa dukani umebaki kuwa nguzo tu.

Seti ilikuja pia na pakiti ya funza waliokaushwa. Kalunguyeye huwapenda mno, lakini wana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na wakiliwa kwa wingi hudhoofisha mifupa yake. Sikuwatumia. Tunaweka chakula cha paka chenye nyama na sahani ya maji; maziwa hatuweki kamwe, kwa kuwa humharisha. Bakuli tunaliosha kila asubuhi tukiwa tumevaa glavu.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya seti hayalitaji hata kwa mstari mmoja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: sanduku linamlinda kalunguyeye anapokula, lakini halimlindi anapovuka nyasi kulifikia. Kwetu Nakuru mbwa alifungiwa kibandani mchana, akafunguliwa usiku alinde boma, na nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo tabia ya mbwa popote duniani. Hapa imenibidi nigeuze mpango wote. Mwezi wa Juni jua linazama Coventry baada ya saa tatu usiku, na muda mfupi baadaye kalunguyeye wanaanza kutoka, yaani saa ileile ambayo mbwa wengi hutolewa kwa haja ya mwisho kabla ya kulala. Sasa Simba hutoka mara ya mwisho kabla giza halijaingia. Ikibidi atoke tena, nawasha taa ya nje, nasubiri dakika chache, namulika nyasi na vichaka kwa tochi, kisha natoka naye akiwa amefungwa kamba fupi na kupelekwa upande wa pili wa bustani. Tangu tuanze utaratibu huo hajamgusa kalunguyeye hata mara moja, na sidhani kama sifa hiyo ni ya seti.

Sanduku nalipa nyota nne kati ya tano, na uzio nyota moja. Duka nililonunulia huuza sanduku peke yake kwa pauni 42. Hizo ndizo ambazo ningelipa leo, na pauni 26 zinazobaki ningenunulia bawaba, komeo, mbao na wavu wenye matundu madogo.