Mashine ya mkono ya kuviringishia uzi: miaka mitatu kwenye meza ya duka langu

Nina duka dogo la nyuzi za kufumia: sufu, pamba, hariri kidogo, sindano, kroshia na vifungo. Wateja wakiingia mara ya kwanza, wengi huuliza kwanza habari za ile mashine iliyobanwa pembeni mwa meza, kabla hata hawajashika uzi. Nimeitumia kila siku ya kazi kwa miaka mitatu sasa, kwa hiyo nina la kusema.

Kwa asiyeijua: sufu nzuri mara nyingi huuzwa ikiwa kicha, yaani pete ndefu ya uzi iliyopotolewa kama kamba. Ukianza kufuma moja kwa moja kutoka kwenye kicha, hutafika mbali kabla uzi haujatatana. Kwa hiyo kicha huvishwa kwanza kwenye kile tunachokiita dukani mwavuli, kifaa cha mbao kinachofunguka na kuzunguka. Unazungusha mpini wa mashine, mwavuli unaachia uzi, na mwishowe unapata donge bapa linalotulia mezani na kutoa uzi kutoka katikati. Kicha cha gramu 100 cha uzi mwembamba wa soksi kina kama mita 400; kukiviringisha kwa vidole kunanimalizia karibu saa nzima. Kwa mashine ni dakika chache.

Hii ni ya tatu kwangu. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, na kwa mtu anayefumia nyumbani bado ningemshauri aanze nayo. Uwezo wake ni donge la gramu 100 na kidogo juu yake. Mimi nilikuwa naipitishia vicha kumi na tano kwa siku, gia zikaanza kuruka meno, na kila iliporuka donge lilitoka limeinama upande mmoja.

Ya pili ilikuwa ya mota. Ilikunja uzi haraka ajabu, na wiki ya kwanza niliisifu kwa kila mtu. Kisha nikaona jambo ambalo lilinisumbua: watu walikuwa wanalipa, wanachukua madonge yao, wanaondoka. Mlio wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba aliyesimama upande wa pili wa meza ilibidi apaze sauti. Wale waliozoea kukaa nusu saa wakizungumzia mikono ya sweta na visigino vya soksi walipungua. Niliirudisha.

Ndipo nikanunua hii ya chuma, kubwa, ya mpini. Inabeba donge la zaidi ya gramu 200 bila kulalamika, na mlio wake ni mdogo, unaweza kunong'ona juu yake. Jambo bora nililofanya baada ya kuinunua ni kuacha kuwakunjia watu uzi mimi mwenyewe. Niliweka viti vinne, nikawaonyesha namna ya kuvisha kicha, nikasema yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, hata kama uzi hakuununua kwangu. Hilo la mwisho nililifikiria sana kabla ya kulitamka, na sijalijutia.

Nieleze kilichotokea siku moja, maana hapo ndipo nilipoielewa mashine hii. Dada mmoja alikuwa anakunja kicha cha tatu cha sweta yake ya buluu. Aliyesubiri zamu, mzee mmoja mfumaji wa soksi, alikuwa amemshikia lebo.

"Mwanangu, hebu ngoja. Hizi namba za rangi si moja."

Tukavipeleka vicha dirishani. Kwenye rafu vilionekana sawa kabisa. Kwenye mwanga wa mchana kimoja kilikuwa kimeelekea kijani kidogo. Ni kosa langu, nilichanganya kwenye kikapu kimoja vicha vilivyotiwa rangi kwenye mapipa mawili tofauti, na kila pipa lina namba yake. Kumbe yule mzee alikuwa amenunua uzi uleule miezi kadhaa nyuma, namba ileile aliyoihitaji dada, na amebakiwa na kicha kizima. Alikileta kesho yake, wakabadilishana. Tangu hapo wote wawili huja jioni ya Alhamisi, na dada yule sasa ndiye anayewafundisha wageni kugeuza kisigino cha soksi, kazi aliyojifunza kwa mzee. Mashine ya mota ingekuwa imemaliza vicha vyote kabla lebo haijasomwa.

Kasoro zipo. Kibanio chake hakipanuki vya kutosha kwa meza nene; ilinibidi nipigilie ubao mwembamba pembeni. Skurubu hulegea baada ya madonge matano sita, kwa hiyo ikaze kabla hujaanza, la sivyo mashine itageuka uzi ukiwa katikati. Hariri inateleza na donge lake hubomoka, mimi huliingiza kwenye soksi kuukuu. Mohea, yale manyoya ya mbuzi wa Angora, yanashikana yenyewe kwa yenyewe. Zungusha polepole sana, na yakikwama usivute.

Kuna kosa lingine ambalo ni la mtumiaji, na nalitaja kwa sababu linaharibu nguo. Watu huuvuta uzi wakati wa kukunja ili donge liwe gumu na zuri. Sufu iliyovutwa hurefuka, ukaifuma ikiwa hivyo, kisha ukaifua ikarudi. Mteja wangu mmoja alipima kipande chake cha majaribio: vitanzi 22 kwa sentimita 10 kabla ya kufua, 24 baada ya kufua. Kwenye sweta nzima hiyo ni tofauti ya saizi. Uache uzi upite vidoleni bila kuubana, au likunje donge mara mbili, la pili hutoka laini zaidi. Donge zuri likibonyezwa linazama kama mto.

Matunzo ni madogo: futa manyoya kwenye gia kwa brashi kila jioni, tone moja la mafuta kwa mwezi.

Nimeshaagiza nyingine ya aina hiyohiyo, itafungwa upande wa pili wa meza. Alhamisi iliyopita kulikuwa na watu saba wanasubiri mpini mmoja, na viti ni vinne.