Taa za nyongeza za pikipiki kwa matumizi ya mchana: tathmini ya jozi ya manjano

Jozi ya taa za LED ninayoitathmini hapa inauzwa katika maduka ya vipuri vya pikipiki ya Gerezani, Kariakoo, ndani ya boksi lisilo na jina la kiwanda, na muuzaji yeyote utakayemuuliza atakusifia mwanga wake wa usiku. Mimi niliinunua kwa ajili ya mchana. Nilitaka dereva wa basi au lori anayejiandaa kulipita gari lililo mbele yake aione pikipiki yangu, atambue kuwa ni pikipiki, na akadirie sawasawa iko umbali gani kabla hajahamia upande wangu wa barabara. Kwa kazi hiyo taa hizi zimeniridhisha, ingawa si kwa sababu zilizoandikwa kwenye boksi, na zina kasoro mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha yake.

Kwanza ieleweke ni tatizo gani tunalolitafutia dawa. Profesa Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yao ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba katika ajali zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo hicho aliingilia njia ya pikipiki. Madereva wengi walieleza kwamba hawakuiona kabisa, au waliiona wakati wameshachelewa. Ni rahisi kuwashutumu kwa uzembe, na wazembe wapo, lakini macho ya binadamu nayo yana mipaka yake. Pikipiki inayokuja moja kwa moja haisogei kushoto wala kulia mbele ya anayeitazama. Hubaki palepale, ikikua kidogo kidogo, hadi inapofika karibu ndipo huonekana kukua kwa ghafla. Gari lina taa mbili, na kadiri zinavyozidi kuachana ndivyo dereva wa upande wa pili anavyojua kuwa linamkaribia. Pikipiki yenye taa moja haimpi kipimo hicho, naye huamini kwamba bado iko mbali. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hiyo inakula mita 22 kila sekunde.

Kwa hiyo swali la msingi kuhusu taa hizi ni mahali zinapofungwa, na hapa ndipo wauzaji na mafundi wengi wanapokosea. Nimeona pikipiki nyingi zilizofungwa taa za nyongeza ubavuni mwa taa kubwa, zikiigusa kabisa, au juu ya usukani karibu na vioo vya pembeni. Zikikaa ubavuni mwa taa kubwa, ukiwa mbali taa zote tatu huungana na kuwa doa moja lenye mwanga mkali, na faida uliyoilipia inapotea. Mimi nilimwelekeza fundi azifunge chini, kwenye chuma cha kulinda injini cha pikipiki yangu aina ya Boxer, kila moja kwenye ukingo wa nje kabisa, ili pamoja na taa kubwa zifanye pembetatu yenye kitako kipana. Baada ya hapo nilimwomba jirani yangu aiendeshe kuja kwangu kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, kwanza akiwa amewasha taa kubwa peke yake, kisha akiwa amewasha zote tatu. Katika safari ya kwanza niliona nukta iliyoning'inia tu barabarani, na nilishtuka ilipofika kwenye nguzo ya umeme niliyoiwekea alama. Katika safari ya pili niliziona zile taa mbili za chini zikifunguka kwenda pembeni muda mrefu kabla hajaifikia nguzo, na mwendo wake ukawa dhahiri. Watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, walikwisha kuonyesha jambo hilo kwa majaribio: watu hukadiria kasi ya pikipiki vizuri zaidi inapokuwa na taa tatu zilizopangwa kwa pembetatu kuliko inapokuwa na moja, hasa mwanga wa mazingira unapopungua.

Rangi ni jambo la pili, na ndiyo iliyonifanya niiache jozi nyeupe iliyokuwa kando yake dukani. Taa ya pikipiki iliyowashwa mchana ilikuwa alama ya pekee zamani, wakati magari yalikuwa yanatembea taa zimezimwa. Malaysia iliposhurutisha waendesha pikipiki kuwasha taa mchana mwaka 1992, utafiti uliofuata ulikuta ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zimepungua kwa takriban asilimia 29. Leo hali imebadilika. Umoja wa Ulaya uliagiza aina mpya za magari ziwe na taa za mchana kuanzia Februari 2011, na hata katika barabara zetu mabasi ya mikoani na malori mengi husafiri taa zikiwaka tangu alfajiri hadi jioni. Katikati ya msururu huo, mwanga mmoja mweupe wa pikipiki unamezwa. Watafiti wa Ufaransa walichunguza suala hili na wakaona kwamba taa za mchana za magari huifanya pikipiki isitambulike kwa urahisi, na kwamba taa ya manjano huirudishia sehemu ya alama yake iliyopotea. Nimelithibitisha mwenyewe kwenye barabara ya kutoka Chalinze kwenda Morogoro, ambako asubuhi mwendesha pikipiki huwa na jua mgongoni na madereva wanaotoka mbele wanalitazama usoni. Wakati huo pikipiki ni kivuli cheusi tu mbele ya mwanga mkali. Tangu nifunge taa za manjano, ninaona mabasi yaliyokwisha kuchungulia nje ya msafara yakirudi ndani ya mstari mapema kuliko zamani. Sina kipimo cha kisayansi cha jambo hilo, lakini kwa mtu aliyezoea kusukumwa hadi kwenye changarawe za pembezoni, tofauti hiyo ni kubwa.

Rangi ya manjano ina sharti lake, nalo ni kwamba indiketa za pikipiki zina rangi inayokaribiana nayo. Taa ikikaa karibu na indiketa huimeza, na dereva aliye mbele hataona kwamba unakata kona. Kwenye Boxer, ukizifunga kwenye chuma cha chini, nafasi inatosha. Ukizifunga kwenye shokapu za mbele, simama hatua kadhaa mbele ya pikipiki, mwombe mtu awashe indiketa, na ujiridhishe kwamba kupepesa kwake kunaonekana wazi. Rangi nyekundu na buluu zinazouzwa katika maduka hayohayo zisitumike kabisa mbele ya pikipiki ya raia, kwa kuwa zinamfanya dereva adhani ni polisi au gari la wagonjwa.

Kuhusu ukali wa mwanga, boksi linadai lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa), na dai hilo si la kweli. Kila taa imeandikwa wati 20. LED nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo hata tukiifanyia ukarimu, jozi nzima haiwezi kuvuka lumeni 4,000. Kwa matumizi ya mchana hilo halina madhara, kwa sababu hatuhitaji mwanga wa kumulika barabara. Viwango vya Umoja wa Mataifa vya taa za mchana vinataka kila taa iwe na nguvu ya kati ya kandela 400 na 1,200 tu (kandela hupima ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja), na taa hizi zikiwa kwenye kiwango cha chini zinanitosha kabisa hata saa sita ya jua kali. Niliziinamisha kidogo kuelekea ardhini na nikaziwekea swichi yake, kwa sababu usiku huwa ninazizima kila gari linapotokea mbele. Anayeziacha zikiwaka usiku mbele ya magari yanayokuja anawapofusha madereva walewale aliotaka wamwone.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza. Taa hizi zina hali tatu, mwanga kamili, kumweka-meka na mwanga wa chini, na hazikumbuki hali uliyoiacha. Kila unapozima ufunguo na kuwasha tena, zinaanza na mwanga kamili, na ili kufikia mwanga wa chini ni lazima uipitie hali ya kumweka-meka. Hali hiyo ningependa isingekuwepo kabisa. Mwanga unaowaka na kuzimika humnyima dereva nafasi ya kukadiria umbali, na ukiwa wa manjano unafanana na indiketa, hivyo anayekungoja kwenye makutano anaweza kudhani kwamba unaacha barabara, akaingia mbele yako.

Kasoro ya pili ni maji. Boksi limeandikwa IP67, maana yake vumbi lisiingie na taa istahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Yangu ya kushoto ilipata ukungu ndani ya kioo kwenye mvua za kwanza za masika. Nilipoifungua nilikuta raba ya kuzibia imekaa upande, imebanwa na skrubu moja na kuachwa wazi kwenye pembe. Niliikausha, nikaipanga upya raba na kuipaka silikoni pembeni, na tangu hapo haijaingiza maji. Skrubu zenyewe ni za chuma cha kawaida, zinashika kutu mapema, kwa hiyo ni vyema kuzibadilisha kwa zisizoshika kutu kabla ya kufunga.

Upande wa umeme hauna ugumu, ila unataka fundi anayesikiliza. Taa mbili za wati 20 kwenye umeme wa volti 12 zinavuta zaidi kidogo ya ampea 3. Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kuunganisha waya moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa, jambo ambalo lingeelemea swichi ya usukani, na kwa pikipiki ambayo taa yake kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, mwanga ungefifia kila unapoachia mafuta kwenye foleni. Njia sahihi ni kutoa umeme kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 5 na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayoamriwa na waya wa ufunguo, ili taa zisiweze kuwaka pikipiki ikiwa imezimwa na kumaliza betri. Taa zilinigharimu shilingi 45,000 kwa jozi, na rilei, fyuzi, waya na ufundi vikaongeza 20,000.

Kwa asiye na kiasi hicho, ushauri wangu ni kuanza na taa kubwa aliyo nayo tayari, aiwashe kila anapotoka, na kuvaa kizibao cha kuakisi mwanga juu ya nguo zake zote, si chini ya mkoba wa mgongoni. Utafiti uliofanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba hatari ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 37 kwa waliovaa mavazi ya kung'aa au kuakisi, kwa asilimia 27 kwa waliowasha taa mchana, na kwa asilimia 24 kwa waliovaa helmeti nyeupe wakilinganishwa na wenye nyeusi. Mtu mwenye taa tatu na koti jeusi bado hajakamilisha kazi.

Anayeamua kununua amtake muuzaji aziwashe palepale dukani kwa betri, akague kama rangi ya manjano inatoka kwenye LED yenyewe au kwenye karatasi ya plastiki iliyobandikwa juu ya kioo, maana hiyo ya kubandika hukwajuka kwa jua, kisha afungue skrubu za taa zote mbili na kuitazama raba kabla hajalipa. Muuzaji wangu hakukataa nilipomwomba hivyo niliporudi kumnunulia ndugu yangu jozi nyingine, na katika taa nne tulizofungua, raba ya moja ilikuwa imekaa upande.