Westonbirt mwezi Oktoba: bustani ya miti iliyopangwa kwa ajili ya rangi

Miongoni mwa bustani za Uingereza zinazopokea wageni katika majira ya majani kupukutika, ninayoithamini kupita zote ni Westonbirt, bustani ya taifa ya miti iliyopo karibu na mji mdogo wa Tetbury, Gloucestershire, na inayosimamiwa na Forestry England. Ina takribani miti 15,000 ya aina zipatazo 2,500, katika eneo la hekta 243. Hata hivyo, si wingi huo unaonifanya niipendekeze, kwa kuwa msitu wowote mkubwa wa nchi za baridi hugeuka rangi kila mwaka bila kudai kiingilio. Ninaipendekeza kwa sababu ya namna miti hiyo ilivyopangwa.

Robert Holford, tajiri aliyeanza kupanda miti hapa mwaka 1829, hakuchanganya tu aina alizoletewa kutoka nchi za mbali. Alipanda pia kwa wingi miti isiyopukutisha majani, ili izuie upepo na ibaki na kijani chake kizito nyuma ya miti inayobadilika. Mwanawe George, aliyeendeleza kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1926, alikuwa na jicho kali zaidi la rangi. Mgeni anayesimama leo katika uwazi uitwao Acer Glade anaona matunda ya uamuzi wa watu hao wawili: mti mmoja mwekundu, ambao ungefifia kama ungesimama mbele ya anga jeupe, unawaka kwa sababu nyuma yake pana weusi wa misonobari. Mara nyingi nimewaona watu wakipiga picha ya jani jekundu bila kuutazama ule ukijani unaolipatia jani hilo nguvu, nami ningemwomba kila anayekwenda aanze kuangalia nyuma ya mti kabla ya kuangalia mti wenyewe.

Acer ni jamii ya miti ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, lakini zinazotawala hapa ni zile za Japani, zenye majani madogo yaliyochanwa kama vidole na matawi yanayotandaa chini chini. Rangi zao zina asili mbili. Ya njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na klorofili, yaani ukijani wa jani, nayo hujitokeza mti unapoacha kuitengeneza klorofili hiyo siku zinapofupika. Nyekundu, kwa upande mwingine, hutengenezwa upya wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki katika jani, na ndiyo maana mchana wenye jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta wekundu mkali zaidi. Sisi tuliokulia pwani tunaufahamu wekundu wa mkungu kabla haujaangusha majani, na waliopita katika miombo ya Tanzania kabla ya mvua wameona wekundu unaokuja na majani machanga. Lakini hakuna kati ya hayo yanayomwandaa mtu kwa msitu mzima kugeuka ndani ya wiki chache.

Mti nisiotaka mgeni aupite ni katsura, ambao pia asili yake ni Japani na China. Majani yake ya mviringo hugeuka njano, wakati mwingine yakiwa na waridi kidogo, na yanapokauka hutoa harufu ya sukari inayoanza kuungua, ile inayotoka jikoni mtu anapopika kashata. Harufu hiyo humfikia mtu hatua nyingi kabla ya kuuona mti wenyewe. Kwa kuwa katsura hutangulia kugeuka, anayefika mwishoni mwa Septemba atakuta fahari yake, ilhali Acer nyingi za Japani hufikia kilele katikati ya Oktoba au baadaye kidogo, kutegemea mwaka.

Daraja la kutembea kati ya vilele vya miti, lililofunguliwa mwaka 2016 na lenye urefu wa mita 286, ni kazi nzuri ya ufundi, na wanaotumia viti vya magurudumu wanaweza kulipita bila ngazi. Kwa anayefuata rangi, hata hivyo, si mahali pa kutumia muda mrefu. Uzuri wa Acer huonekana kutoka chini, mtu akisimama chini ya matawi na kuacha jua lipenye kwenye jani kumfikia. Saa za asubuhi, mwanga ukiwa bado wa chini, ndizo bora kwa jambo hilo, na pia ndizo zenye utulivu, kwani wikendi za Oktoba huvuta umati mkubwa. Siku ya katikati ya wiki ni chaguo la busara kwa yeyote anayeweza.

Bustani ina sehemu mbili, na ningeshauri asubuhi iwe ya Old Arboretum, ambako mbwa hawaruhusiwi, kisha mchana uwe wa Silk Wood. Humo mna mkusanyiko wa taifa wa Acer za Japani, pamoja na msitu wa kale ambao majani yake huiva taratibu zaidi. Anayechelewa hadi Novemba, baada ya Acer kupukutika, aelekee huko moja kwa moja, kwa kuwa mialoni huwa bado na rangi yake ya shaba. Usafiri wa umma ni haba. Kituo cha treni cha karibu ni Kemble, na kutoka hapo ni afadhali kupanga teksi mapema. Viatu viwe vya kuhimili tope.